Maswali ya Gari: Mkanda wa taimingi hesabu yake ni kilomita au miaka?

Barua nyingi za mwezi huu zimeuliza jambo moja, kwa hiyo tumeziweka pamoja. Kwa asiyeujua, mkanda wa taimingi ni ule wa raba wenye meno uliofichwa ndani ya kava la mbele ya injini. Kazi yake ni kuifunga krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) na kamshafti (shafti inayofungua valvu, yaani milango ya kuingizia hewa na kutolea moshi) zizunguke kwa mpango mmoja: krenki mara mbili, kamshafti mara moja. Ukikatika, krenki bado inazunguka na valvu zimesimama pale zilipokuwa.

Swali. Assalamu alaykum. Nina RAV4 ya mwaka 1998, injini 3S-FE, nimeinunua ilipofika kutoka Japani miaka minne iliyopita. Inasoma kilomita 112,000. Natoka nayo Fuoni kwenda kazini Malindi na kurudi, na mara moja moja tunakwenda shamba. Fundi alifungua kava la juu, akautazama mkanda, akasema bado mzima, nisubiri 150,000. Nimsikilize?
*Mama wa Fuoni*

Jibu. Wa alaykumu ssalaam, dada yetu. Usisubiri. Panga kuubadilisha mwezi huu.

Mkanda wa injini hiyo huhesabiwa kilomita 100,000, na wewe umeshapita. Lakini hata ungekuwa umesoma 60,000 tungekujibu hivyo hivyo, kwa sababu ya umri. Piga hesabu: safari zako ni kama kilomita 25 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, jumla 7,500. Kwa mwendo huo kilomita 100,000 utazimaliza baada ya miaka 13. Raba haina subira hiyo. Joto la ndani ya boneti linaikausha hata gari ikiwa haiendi mbali, na ukikwama kwenye foleni ya Mwanakwerekwe injini inazunguka, mkanda unafanya kazi, na odomita haiongezi kitu. Kwa gari ya mtu binafsi hapa visiwani, kinachowahi kufika ni miaka. Sisi tunashauri kilomita 100,000 au miaka 7, chochote kitakachotangulia. Na kama hujui ulibadilishwa lini, uhesabu kuwa umekwisha. Usiuamini usomaji wa odomita ya gari iliyotumika kuliko unavyouamini mkanda wenyewe.

Kabla ya kununua spea, tafuta stika. Gereji nyingi za Japani zikibadilisha mkanda hubandika karatasi ndani ya boneti au juu ya kava lenyewe, yenye tarehe na kilomita. Mwaka unaweza kuandikwa kwa hesabu yao: ukiona herufi H na namba 25, jumlisha 1988, ni mwaka 2013. Ikiwa ni R, jumlisha 2018. Sasa linganisha kilomita za stika na za dashibodi. Stika ikisema ulibadilishwa kwenye 128,000 na dashibodi yako leo inasoma 112,000, umeshajua umeuziwa gari ya namna gani.

Kuhusu fundi wako: kwa kufungua kava la juu ameona mgongo wa mkanda na kipande kidogo cha meno. Kinachobeba nguvu ni nyuzi za kioo zilizozikwa katikati ya raba, na hizo hazionekani. Nyufa, meno yaliyolika, kingo zilizochanika au alama za oili zinakwambia badilisha leo. Mkanda unaong'aa vizuri haukwambii chochote.

Ukienda dukani usinunue mkanda peke yake. Kwenye 3S-FE mkanda huu huu ndio unaozungusha wota pampu na pampu ya oili. Nunua mkanda, puli ya kukazia na springi yake, puli ya kupitishia, wota pampu na gasketi yake, na sili tatu (raba za kuzuia oili isivuje): ya kamshafti, ya krenki mbele na ya pampu ya oili. Sili ni kitu cha bei ndogo, lakini oili ikivuja juu ya mkanda mpya itailainisha raba, meno yaanze kung'oka. Bearing ya puli ikikauka na kukwama itausaga mkanda mzima kwa muda mfupi. Mikanda mingi inayoitwa "ilikatika yenyewe" iliuliwa na puli au wota pampu.

Hakikisha pia unachouziwa ndicho. Namba ya mkanda wa taimingi wa Toyota huanza na 13568. Ikianza na 90916 umepewa mkanda wa feni. Uchukue wa zamani na mpya, uilaze pamoja, uhesabu meno. Lazima yalingane moja kwa moja.

Siku ya kazi simama karibu. Fundi alinganishe alama ya krenki na sifuri na alama ya puli ya kamshafti kabla ya kutoa chochote. Mkanda mpya usikunjwe kwa nguvu, usipinduliwe, usioshwe kwa petroli. Puli ya kukazia iachwe ivutwe na springi yake. Akiisukuma kwa bisibisi mkanda utakaza kupita kiasi na utalia kama filimbi. Kisha, na hapa wengi huruka, aizungushe krenki kwa spana, kwa mkono, raundi mbili kamili, kufuata mwendo wa saa, halafu atazame alama tena. Zikipishana hata jino moja, arudie. Bolti ya puli ya krenki ikazwe kwa toki renchi (spana inayopima nguvu ya kukaza), Nm 108. Rejeta ijazwe kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), si maji ya kisima. Maji yetu yamepita kwenye mawe ya matumbawe, yamejaa chokaa, na yatailisha kutu wota pampu uliyoilipia. Mwisho aandike tarehe na kilomita kwa rangi nyeupe juu ya kava.

La kukutuliza ni kwamba kwenye 3S-FE mkanda ukikatika, valvu hazigongani na pistoni. Gari itakuzimikia, basi. Lakini kuzimikiwa usiku kwenye njia ya Paje na watoto ndani si jambo dogo.

Swali. Naendesha Hiace ya dizeli, injini 5L, Mjini na Nungwi. Taa ya T-BELT imewaka wiki ya pili sasa. Tajiri anasema hiyo taa tu, nitoe balbu. Gari inavuta vizuri.
*Dereva, Nungwi*

Jibu. Ndugu dereva, mwonyeshe tajiri wako ukurasa huu. Taa hiyo haipimi hali ya mkanda, inahesabu kilomita. Ikiwaka maana yake mkanda umetimiza 100,000 tangu ilipowekwa sifuri mara ya mwisho. Gari kuvuta vizuri hakuhusiani: mkanda huvuta vizuri hadi dakika ya kukatika.

Na kwenye dizeli hakuna msamaha. Injini hii hubana hewa zaidi ya mara 20, kwa hiyo pistoni ikifika juu nafasi kati yake na valvu ni nyembamba mno. Mkanda ukikatika ukiwa mwendo wa 80 pale Mkwajuni, valvu zitapigwa na kupinda, na kamshafti yenyewe yaweza kuvunjika. Hapo ni kufungua hedi (kichwa cha injini chenye valvu), na gari kulala gereji siku nyingi bila hesabu ya jioni. Tajiri alinganishe hilo na bei ya mkanda na puli yake.

Hesabu ya daladala ni kinyume cha ile ya mama wa Fuoni. Kwenda na kurudi Nungwi ni kama kilomita 115. Trip tatu kwa siku, siku 26, ni karibu 9,000 kwa mwezi. Mkanda unamaliza 100,000 ndani ya mwaka mmoja. Kwenu miaka haina kazi. Wekeni kila miezi 10 na muandike ukutani.

Jambo jingine: daladala nyingi spidomita imekufa. Ikiwa haihesabu, na taa haitawaka kamwe, na utadhani mkanda ni mpya. Ukishabadilisha, taa irudishwe sifuri. Kwenye dashibodi nyingi za Toyota za zamani kuna kizibo kidogo cha raba, ukikitoa unabonyeza kitufe cha ndani kwa kitu chembamba. Asirudishe mtu sifuri bila kubadilisha mkanda, maana anamdanganya dereva atakayekuja baada yake.

Kwenye 5L mkanda unazungusha pampu ya dizeli pia. Ikiwa asubuhi inawaka kwa taabu na moshi umezidi, mkanda huenda umeruka jino. Usiilazimishe.

Swali. Nina IST ya 2003. Fundi wa hapa Wete anataka kunibadilishia mkanda wa taimingi. Ni lazima?
*Mwalimu wa skuli, Wete*

Jibu. Gari yako haina mkanda huo, mwalimu. IST, iwe ya 1NZ au 2NZ, inatumia cheni, na cheni haina tarehe ya kubadilishwa. Inachotaka ni oili safi kila kilomita 5,000 na isipungue, kwa sababu kikazio chake husukumwa na oili. Ukisikia inagongagonga upande wa mkanda wa feni ikiwaka asubuhi, na sauti haipotei, ndipo cheni ikaguliwe.

Swali. Carina Ti yangu, injini 5A-FE, ilizima ghafla Mtambile nikitoka Mkoani. Sasa nikipiga starta inazunguka nyepesi kuliko kawaida na haiwaki. Fundi mmoja anataka kufungua hedi moja kwa moja. Mimi ni mtu mzima, sina fedha za kuchezea.
*Mzee wa Mkoani*

Jibu. Shikamoo mzee wetu. Hedi isifunguliwe kwanza. Wepesi huo wa starta ndio dalili ya mkanda kukatika: valvu zilizobaki wazi haziachi hewa ibanwe. Fungua kizibo cha kutilia oili, mtu apige starta huku mwingine akichungulia. Kamshafti isipozunguka, jibu umelipata.

Kwenye 5A-FE pistoni haifiki zilipo valvu, kwa hiyo kwa kawaida hakuna kilichopinda. Atie mkanda mpya na puli ya kukazia, kisha apime mbano wa silinda zote nne. Zikikaribiana, kazi imekwisha. Lakini atafute kilichoukata: sili inayovuja, au puli iliyokwama. Asipokitafuta, utarudi Mtambile. Wota pampu ya gari yako huzungushwa na mkanda wa feni, usilipishwe kama haivuji. Na kama injini ina distribyuta (kigawa moto wa plagi), aunganishe matundu ya TE1 na E1 kwenye kiboksi cha kupimia, taimingi isome digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Bila hivyo gari itawaka lakini itakula mafuta.

Swali. Niko Muscat. RAV4 yangu, 3S-FE, imelala bandani Jambiani miaka mitatu, mkanda ulibadilishwa mwaka mmoja kabla. Nikirudi niwashe tu?
*Msomaji, Muscat*

Jibu. Miaka ya kulala inahesabiwa, kwa hiyo mkanda wako una minne na bado una muda. Tatizo ni hewa ya bahari: puli zinashika kutu, na meno ya mkanda yakisaga kutu hiyo hayachukui muda kuchakaa. Panya nao hupenda kuzaa ndani ya kava. Toa kava la juu, futa kutu, tazama kama kuna oili. Zungusha krenki kwa spana raundi mbili. Ikigoma mahali, usiilazimishe, mwite fundi. Ikizunguka laini, badilisha oili, funga betri, ndipo utie ufunguo.