Kiziwi anaimbaje?

Umeuliza Mwislamu mwenye usikivu hafifu anawezaje kuimba, tena akakusanya watu wa dini tofauti. Ndugu yangu, sauti haipiti masikioni peke yake. Mwimbaji Mandy Harvey wa Marekani alipoteza usikivu akiwa na miaka 18, na huimba pekupeku ili mitetemo ya ala imfikie kupitia sakafu. Mwimba kasida naye akiweka kiganja juu ya dufu, mdundo anaupata mkononi. Anamtazama mpigaji machoni ajue pa kuingilia, na mpigaji naye hamwachi. Umoja unaanzia hapo hapo jukwaani, kabla hata ya maneno. Kinachonigusa zaidi ni ukumbi mzima, Mkristo na Mwislamu, kuinua mikono na kuitikisa hewani: makofi ambayo mwimbaji kiziwi anayaona.