Alama D na hatua alizopiga mtoto

SWALI: Binti yangu mwenye uoni hafifu amepata D katika upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, na mwalimu wake anasema haendelei. Mbona mwaka jana hakuweza kusoma hata mstari mmoja, na sasa ananisomea bei za sato na sangara ubaoni hapa mwaloni? Mama, Kirumba, Mwanza.

JIBU: Mama, alama hiyo inaeleza alipofika binti yako siku ya mtihani, lakini haielezi alikotokea, wala haikukusudiwa kueleza hivyo. Kabla ya yote, ulizia kama alipewa karatasi yenye maandishi yaliyokuzwa na muda wa nyongeza, ambao Baraza la Mitihani huelekeza uwe dakika 20 kwa kila saa katika Hisabati na dakika 10 katika masomo mengine; asipopewa, kilichopimwa ni macho yake. Kisha mwombe mwalimu amsomeshe kifungu kilekile kila mwezi, kwa herufi za ukubwa uleule, na kuandika kwenye daftari idadi ya maneno aliyosoma sawasawa kwa dakika moja. Ubao wa bei, kwa maoni yangu, nao ni kipimo halali.