Dawa ya magugu na miche ya uani: maswali yenu

Nilipuliza dawa ya magugu kwenye ukoka. Kibandiko kinasema haidhuru nyasi, na kweli ukoka uko salama. Mbona mparachichi wangu mchanga umejikunja majani na vikonyo vimepinda kama ndoano? (Msomaji, Arusha)

Dawa isiyodhuru nyasi ndiyo ya kuogopwa karibu na miti. Viambato vyake vya kawaida, 2,4-D na dicamba, huua mimea ya majani mapana na kuacha ya majani membamba. Mparachichi, mwembe na mpapai zote ni majani mapana, na dawa haiulizi upi ni gugu na upi umeununua kitaluni. Dawa hizi zinaiga homoni ya ukuaji ya mmea, ndiyo maana chipukizi hujisokota badala ya kukauka ghafla.

Wala huna haja ya kuumwagia mti. Ukungu wa bomba ukichukuliwa na upepo unatosha, na aina fulani za 2,4-D hugeuka mvuke jua likiwa kali, zikahama hata baada ya wewe kurudi ndani. Dicamba hupita pia ardhini, na mizizi ya mti huenda mbali kuliko kivuli chake.

Usiukate mti bado. Mwagilia, achana na mbolea ya naitrojeni kwa sasa, kisha ungoje machipukizi mapya. Yakitoka yamenyooka, utapona. Tawi litakalokauka kabisa ndilo la kukata.

Natumia dawa ya magugu ya glyphosate. Nasikia ikigusa udongo nguvu inaisha. Naweza kupuliza hadi shinani? (Kitale)

La udongo ni kweli, huishika sana. Shida ni shina lenyewe: mche mdogo bado una gome la kijani, nalo hufyonza dawa sawa na jani. Machipukizi ya chini ya kiungio cha mche wa kubebesha (uliounganishwa juu ya shina la mche mwingine) nayo huipeleka moja kwa moja mizizini.

Ukilazimika, chukua dumu la lita 5, likate juu na chini, lipasue ubavuni, ulivike shina. Puliza asubuhi kukiwa kumetulia, kwa shinikizo dogo ili matone yawe makubwa, na dumu ulitoe magugu yakishakauka. Mimi ningeacha dawa kabisa ndani ya mita 1 kuzunguka mti. Ng'olea kwa mkono, tandaza nyasi kavu unene wa vidole vinne, na usizigusishe na shina, mchwa wataona wamekaribishwa.

Bomba moja linatosha kwa magugu na kwa mbolea ya majani?

Hapana. 2,4-D hung'ang'ania kwenye mpira na tangi hata ukisuuza kwa maji. Nunua la pili, la kwanza liandike MAGUGU kwa rangi.

Jirani amepuliza leo, ukungu umefika kwangu. Nifanye nini?

Osha majani kwa maji mengi sasa hivi, maneno baadaye. Ila mwulize jina la dawa.

Ukoka niliofyeka baada ya kupuliza, nitandaze chini ya mwembe?

Usitandaze. Mabaki ya dawa yamo kwenye hizo nyasi. Ziache zioze palepale zilipoanguka.