Jibu: Mpinzani anauliza, waziri anazunguka. Faida iko wapi?

Salaam ndugu. Umeuliza kwa nini wabunge wa upinzani Ireland wajisumbue kumbana waziri, wakati anajibu juu juu na serikali inaendelea kama kawaida.

Cheki kwanza ni swali la aina gani. Video ulizoziona ni za maswali ya viongozi, Mary Lou McDonald, kiongozi wa chama cha upinzani Sinn Féin, akimkalia kooni Taoiseach, yaani waziri mkuu. Pale kelele nyingi, mimi huzipitia haraka tu. Nenda kwenye maswali ya maandishi: wizara inajibu, na jibu linabaki kwenye tovuti ya Oireachtas, yaani bunge la Ireland. Tafuta kwa jina la mbunge, kisha weka jibu la zamani kando ya jipya. Maneno yakibadilika, hapo ndipo pa kuchimba.

Mfano mzuri ni Catherine Murphy, aliyekuwa mbunge wa upinzani, na kampuni ya Siteserv. IBRC, benki ya serikali wakati huo, iliridhia kampuni hiyo iuzwe mwaka 2012 kwa yuro milioni 45 hivi, ikaifutia deni la zaidi ya milioni 100. Mama yule aliuliza, akajibiwa nusunusu, akarudi tena na tena. Halafu akaomba nyaraka kwa sheria ya uhuru wa habari, na zikaonyesha maofisa wa Wizara ya Fedha wenyewe walikuwa na wasiwasi. Mwaka 2015, tume ya uchunguzi ikaundwa.

Ripoti ilitoka 2022. Ndiyo, miaka saba! Ikasema mauzo yale yaligubikwa na mambo yasiyofaa.