Wateja wanakuja kuona nyumba, wakiondoka dalali kimya. Nifanyeje?

Wiki hizi mbili meseji za kuuza nyumba zimekuja nyingi kweli, nimechagua 3. Ya kwanza na ya pili ukizisoma pamoja utadhani hao watu wanajibizana, na hawajuani kabisa.

SWALI: Milioni 95 yangu imekuwaje 120?

Habari yako dada. Mimi ni mwalimu mstaafu, mimi na mzee wangu tunauza nyumba yetu ya Kinyerezi, vyumba 3 kimoja masta, sebule, jiko, fensi, kisima kipo. Watoto wameshatoka tumebaki wawili tu, tunataka turudi Moshi. Tukampa dalali wa mtaani kwetu tukamwambia milioni 95, maongezi yapo. Tangu mwezi wa tatu ameleta watu 9, nimewahesabu. Kila wakija nadeki, nafungua madirisha, natenga chai, wanazunguka wanasema mama nyumba nzuri, tutawasiliana, wakitoka getini ndo basi tena. Nikimpigia dalali anasema "wanajipanga mama", nikimtumia meseji inasomwa haijibiwi. Juzi nikakutana na mmoja wao duka la dawa, kijana mstaarabu sana, nikamuuliza mwanangu mbona kimya, akasema "mama nyumba niliipenda sana ila hiyo milioni 120 sina". Dada, miguu iliniisha nguvu. Sasa mzee anasema tumtafute yule kijana tumuuzie wenyewe, dalali tuachane naye. Ni sawa?

Mama wa Kinyerezi

JIBU

Shikamoo mama, na pole sana, najua ilivyo kumdekia mtu nyumba mara 9 halafu hata neno moja hurudishiwi.

Hiyo milioni 25 iliyoongezeka mtaani ina jina, inaitwa cha juu. Dalali anapokea bei yako, anapandisha yake juu, mteja akikubali wewe unapewa yako na yeye anabaki na kilichozidi. Wengi wanalijua hilo na wengine wanaliona la kawaida tu, ila kitu ambacho watu hawakiangalii ni kwamba cha juu ndo kinaua mawasiliano. Fikiria mama, yule kijana alipotoka kwako labda alimwambia dalali bei kubwa mimi nina 100. Sasa dalali akuletee vipi hayo maneno? Akikwambia mteja anasema bei kubwa, wewe utauliza kwani amefika ngapi, na jibu la kweli ni milioni 100, ambayo ni kubwa kuliko uliyotaka wewe, ungeuza siku hiyo hiyo! Kwa hiyo hawezi kusema. Anachobaki nacho ni "wanajipanga". Simjui dalali wako wala sikuwepo, na maneno ya mtu mmoja dukani hayatoshi kumhukumu mtu, ila bei mbili zikishakuwepo kwenye nyumba moja usitegemee habari za kweli zipite katikati.

Kumruka mimi sikushauri, na naomba umwambie mzee nimesema kwa heshima. Yule kijana aliletwa na dalali, mguu wake wa kwanza getini kwenu ulitokana na kazi ya yule mtu, na mkimuuzia kimyakimya mtaani patachafuka, ataenda kwa mwenyekiti, atamsumbua mnunuzi, na mnunuzi akisikia ugomvi anaogopa anadhani nyumba ina kesi. Mwiteni nyumbani. Mwambieni bila kupiga kelele, tumesikia watu wanatajiwa 120, sisi bei yetu ni 95 na kuanzia leo ndo itakayotajwa, wewe kwenye hiyo chako ni asilimia fulani. Nimeona watu wengi wanapatana asilimia 5, wengine wanazidisha wengine wanapunguza, hakuna bei ya serikali hapo. Asilimia 5 ya milioni 95 ni milioni 4 na laki 7 na nusu, si hela ndogo hiyo, na hakuna sababu ya kuificha. Andikeni kwenye karatasi nakala mbili, muweke na kwamba ofa yoyote ikija hata iwe ya chini vipi mnaambiwa siku hiyo hiyo. Akikataa kuandika basi mmeshajua, mshukuruni mtafute mwingine, na huyo mwingine mpeni hiyo karatasi kabla hajaleta mtu hata mmoja. Yule kijana baada ya hapo aitwe tena mbele ya dalali, aambiwe bei ya kweli.

Halafu mama kuna jambo la kuuliza vizuri. Ukipiga simu ukauliza "wamesemaje?" utajibiwa "wamependa", kila siku, maana hilo ndo jibu rahisi. Uliza vitu vyenye mwili. Kitu cha kwanza alichouliza ni nini? Alisimama wapi muda mrefu, aliingia jikoni kweli au alichungulia tu? Aliuliza hati? Na hela anatoa wapi, anayo mkononi, ya mkopo wa benki, au anataka kulipa kwa awamu? Hili la mwisho ni kubwa kuliko watu wanavyodhani, wewe hujaniambia nyumba ina hati au ina karatasi za mauziano za serikali ya mtaa tu. Mteja wa mkopo benki itamuuliza hati kwanza, kama haipo ananyamaza, haoni haja ya kukueleza, na wewe unabaki unadhani hajapenda tailizi. Unaweza kupunguza bei mpaka 80 na bado hao wa benki wasirudi, kumbe kilichowakimbiza hakikuwa bei.

Na umesema tangu mwezi wa tatu. Hicho ni kipindi cha masika mama. Kama njia ya kuja kwenu ni ya udongo, mteja ameshaamua akiwa bado kwenye gari anahangaika na tope, hiyo chai hata hakuionja. Muulize dalali walikujaje na walisema nini njiani, maana njiani ndo watu wanaongea, ndani kwako wana adabu.

Kipimo changu mimi ni hiki, mmoja akisema bei kubwa ni maoni yake, wakisema watatu ambao hawajuani na wote wametajiwa bei ya kweli, hapo kaeni na mzee muongee. Ikifika huko mtafuteni mthamini aliyesajiliwa, wana bodi yao kwa sheria ya mwaka 2016, mmlipe awaambie nyumba ina thamani gani, na mpite TRA mjue kodi ya faida itakula kiasi gani ili mkitaja bei ya mwisho iwe ya mwisho kweli. Kushusha bei kwa sababu ya ukimya tu, bila kujua watu 9 waliona nini, hapana, hiyo ni jasho lenu la miaka yote ya chaki.

SWALI: Nikisema ukweli natukanwa

Shikamoo anti. Mi ni kijana dalali huku Mbezi, naona wenye nyumba wanavyotusema, nataka na sisi tusikilizwe. Mteja hajafika hata barabarani mwenye nyumba kashapiga, vipi, vipi. Na ukweli wenyewe hawautaki. Juzi mteja aliniambia choo cha pablik kinanuka na jipsamu ya sebuleni ina alama za kuvuja, nikamfikishia mama mwenye nyumba kama nilivyoambiwa, alinitukana anti, akasema namshushia nyumba ili nimpe ndugu yangu, kesho yake kampa dalali mwingine. Sasa si bora ninyamaze tu?

Dalali wa Mbezi

JIBU

Marahaba mwanangu. Hapana, usinyamaze, ila nimekuelewa na huyo mama amekukosea, nalisema waziwazi wenye nyumba wengine wasome. Mtu akikuletea habari ya choo kunuka amekuokolea miezi, maana kila mteja atakayekuja pua anayo.

Sisi tuna adabu yetu ya ugenini. Mtu hawezi kusimama sebuleni kwa mama wa watu akasema dari lako baya, atasema nyumba nzuri, hongera, tutawasiliana. Ndo maana wewe dalali ndo sikio pekee la mwenye nyumba, usipomletea wewe hakuna atakayemletea. Nilipouza nyumba ya marehemu baba Temeke nilikaa miezi nikidhani tatizo ni bei, kumbe watu walikuwa wanaogopa lile shimo la maji taka lililokaa karibu na kisima, aliyeniambia ni fundi bomba, dalali alikuwa anajua siku zote akaona aibu kunieleza. Mpaka leo linaniuma, maana kwa bei niliyokuja kuuzia ningeweza kulihamisha hilo shimo na chenji ikabaki.

Jinsi ya kusema sasa. Mchukue mteja maneno mkiwa bado mmesimama kwenye gari, akishaondoka hapokei simu, hilo unalijua kuliko mimi. Usimuulize umependa, muulize ingekuwa nyumba hii ni yako ungebadilisha nini kwanza? Hapo anasema bila kuona anatukana. Halafu kwa mwenye nyumba peleka maneno kama yalivyosemwa, useme mteja amesema, usiseme mimi naona, na ubebe na dawa yake, mama mteja amekwama kwenye harufu ya choo, nimemuuliza fundi kasema ni mtego wa maji umekauka, ile kona ya bomba inayobaki na maji kuzuia harufu, ni kazi ya asubuhi moja. Mtu akipewa tatizo na njia ya kutokea hasira zinapungua. Na hizo simu za kila dakika 5 zinakatika ukisema mapema, mama leo saa 1 jioni nakutumia voisi, ipo habari haipo habari nakutumia. Halafu utume kweli! Hata kama ni "mteja hajaamua". Mara mbili tatu hivyo, hakupigii tena saa 8 mchana.

Ila na mimi nikuulize moja, usikasirike. Hela ya kuonyeshea unachukua? Kuna madalali wanachukua elfu 10, elfu 20 kwa kila anayeenda kuona, na sisemi ni dhambi, nauli na muda ni vyako. Lakini mwenye nyumba ajue. Maana kama kila anayeingia getini anakuachia kitu, basi hata asiye na uwezo wa kununua anakuwa mteja mzuri kwako, wakati kwa mama anayedeki ni hasara tupu. Mwambie wewe mwenyewe kabla hajaambiwa na mteja, na umchuje mtu kabla ya kumpeleka, ana bajeti gani, anataka hati au hataki. Ukipeleka watatu waliochujwa utakuwa na maneno ya maana ya kurudisha, kuliko kupeleka kumi na mbili halafu uanze kujificha simu.

SWALI: Habari zinanifikia zimepinda

Asalaam aleikum. Niko Muscat nafanya kazi, nyumba yangu ipo Tanga, Chumbageni. Wateja wakija kuona dalali anamwambia kaka yangu, kaka anamwambia mama, mama ndo ananipigia. Wiki jana mama kaniambia mtu kakubali bei, nikafurahi nikamwambia mpaka mume wangu, kumbe alisema atakubali ikipungua milioni 15. Nimechoka.

Dada wa Muscat

JIBU

Waaleikum salaam mdogo wangu. Hapo hakuna mwenye nia mbaya, ni njia ndefu tu, na kila anayepokea anaongeza sukari kidogo ili asikuvunje moyo, hasa mama. Fungua kundi la WhatsApp la watu watatu, wewe, kaka na dalali, mama mwache apumzike umpigie mwenyewe kumsalimia. Sheria ya kundi iwe moja, siku ya kuonyesha dalali anatuma voisi kabla ya kulala: nani alikuja, yeye au dalali mwenzake ndo kamleta, ametaja kiasi gani kwa namba, anataka nini kingine. Kaka kazi yake iwe kuwepo nyumbani, kufungua mlango na kukaa mbali kidogo, asijadili bei, maana mteja akishaona ndugu anayumba atamwinda huyo.

Kama kaka ndo atakayesaini, mpe hati ya uwakilishi iliyoandikwa vizuri, ubalozi wetu upo hapo Muscat kaulizie, na wakili wa Tanga aione. Na mumeo mwombe ridhaa mapema kabla mteja hajapatikana, kama mmeishi humo kama nyumba ya familia Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ridhaa ya mwenzi, wanunuzi wajanja wanaidai, na ofa nzuri inaweza kupoa wiki nzima mnasubiri karatasi moja.

Saa zenu ziko mbele ya zetu kwa saa 1 tu, kwa hiyo hicho si kizuizi. Kama na wewe kazini kwako unapumzika Ijumaa na Jumamosi, waambie wateja waletwe Jumamosi asubuhi, wewe uwe na simu mkononi, mteja akiuliza kitu kwa dalali pale pale barazani umjibu wewe mwenye nyumba kwa mdomo wako. Na huyo wa milioni 15 bado yupo, mwambie dalali ampigie leo amuulize ikipungua 7 analipa yote kwa mkupuo au vipi.