Nina miaka 27, nimechelewa?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Nabeba magunia ya dagaa Mwaloni, Kirumba. Sijawahi kupigana, ila nataka kujifunza mapigano mchanganyiko. Nianzie wapi?
Mbeba Magunia, Mwanza

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Hujachelewa. Mimi nilitoka kwenye ndondi nikijiona simba; siku ya kwanza ya mieleka, kijana mwembamba wa Igogo alinilaza chini mara tatu kabla sijarusha ngumi hata moja. Basi anzia huko chini: mieleka na jujitsu, yaani mchezo wa kukabana mkiwa chini, siku mbili kwa wiki. Ngumi na mateke vitafuata. Ukikabwa shingo, gonga mkeka au mwili wa mwenzako upesi, atakuachia. Wanaoona aibu kugonga ndio wanaozimia. Nunua kinga ya meno, glavu utaazima. Kata kucha. Na siku ya kushusha magunia mengi, usije mazoezini.