Fidia ya mababu waliochukuliwa upagazi: yaliyotukuta Muheza

Mtoa mada anauliza kama familia yake ya Pongwe imlipe shilingi elfu hamsini mtu anayepita akiandikisha vizazi vya wapagazi wa vita ya Mjerumani na Mwingereza, eti Uingereza imeanza kulipa fidia. Ndugu yangu, msitoe. Sisi Muheza tulishatoa.

Ilikuwa 2014. Mwaka mmoja nyuma, Juni 2013, Uingereza ilikubali kuwalipa Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa Mau Mau, jumla pauni milioni 19.9. Habari ile ilifika kila baraza. Akaja kijana nadhifu mwenye fomu za mhuri, akasema zamu ya Tanganyika imefika. Nyumba nne za ukoo wetu zikatoa elfu thelathini thelathini na picha za pasipoti. Bibi yangu mzaa baba akaamuru mbuzi wake auzwe. Baba yake alikamatwa shambani mwaka 1917 kubeba mizigo ya jeshi la Waingereza kwenda kusini, akamwacha mkewe na mimba. Mimba ile ndiyo bibi. Baba hakurudi, na bibi hakuwahi kumwona.

Miezi ikapita, simu ya kijana haipatikani. Nikaenda Dar kwa mwanasheria tunayefahamiana. Akanieleza kuwa wale Wakenya walilipwa wakiwa hai, kwa mateso yaliyowapata wao wenyewe. Na baadaye hata kwao mambo yalikwama: wengine zaidi ya 40,000 walifungua kesi London, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaitupa kwa kuwa muda ulikuwa umepita mno. Hayo ni ya miaka ya 1950. Ya 1917 yanaanzia wapi?

Fidia ya raia wengi kwa kawaida hudaiwa na serikali yenyewe. Kongo iliishtaki Uganda katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mwaka 1999. Hukumu ya kiasi cha kulipwa ikatoka Februari 2022: dola milioni 325, na 225 kati ya hizo ni kwa madhara waliyopata watu. Miaka ishirini na zaidi, na mdai ni nchi nzima. Hakuna aliyepita vijijini kuuza fomu ili kesi ile iende.

Linaloniuma zaidi ni hili. Mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari Waafrika waliompigania Mjerumani katika vita ile na waliokuwa bado hai. Wazee wakakusanyika Mwanza, wachache tu wakiwa na vyeti. Husimuliwa kwamba wengine walipewa ufagio waushike kama bunduki, wakapigiwa amri za Kijerumani, nao wakazitii zote. Hivyo ndivyo walivyotambuliwa. Mpagazi angeonyesha nini? Hakuwa na cheti, wala gwaride hakufundishwa. Alikuwa na kovu la kamba begani, kama alirudi. Kwa upande wa Waingereza peke yake wapagazi waliokufa wanakadiriwa kufika 95,000 au zaidi, wengi kwa maradhi na njaa. Hapa Tanga makaburi ya wanajeshi yana majina yaliyochongwa. Sanamu ya Askari pale Dar, ya mwaka 1927, inawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, lakini jina halipo hata moja.

Kwa hiyo mimi niliacha kufukuzia hela, nikakaa na bibi. Nilimrekodi kwa simu jioni tatu: jina la baba yake na la babu yake, jumbe aliyewatoa vijana, njia waliyopita, nani alirudi na kikohozi akafa kabla ya mavuno. Bibi alifariki 2016. Siku serikali yetu ikiamua kudai, orodha itatoka kwenye kumbukumbu kama hizo, na nyie Pongwe bado mna wazee. Nendeni kwao wiki hii.

Huyo mtu akirudi, mwambieni ataje namba ya kesi, mahakama ilipofunguliwa, na wakili anayeisimamia, mkamtafute kwenye daftari la mawakili. Akishindwa, mpelekeni kwa mtendaji wa kata mkiwa wengi, na waliokwisha kulipa waje na chochote chenye maandishi yake. Sisi tulipokwenda polisi hatukuwa na risiti hata moja.